Kuwapeleka Vijana wa Kadeti ya Bahari Mbudya kwa Mashua ya Tanga: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Moja

Kikundi cha vijana wa bahari kikishajua kuogelea, kufunga kamba na kupiga kasia karibu na ufukwe, safari yake ya kwanza ya tanga jijini Dar es Salaam ianzie Kunduchi na iishie kisiwa cha Mbudya. Wengi hupenda kwanza Bongoyo kwa sababu ya jina, lakini njia yake kutoka Msasani ni ndefu zaidi. Kutoka Kunduchi hadi Mbudya ni kilomita tatu na kidogo, bara inaonekana muda wote, na kisiwa chenyewe kinazuia mawimbi yanayotoka mashariki.

Mwongozo huu umepangwa kwa vijana 12 wa miaka 12 hadi 17, wakiwa zamu mbili za vijana sita: zamu ya joshi (upande unakotoka upepo) na zamu ya demani (upande unakokwenda upepo). Vyombo ni viwili: mashua ya tanga yenye nahodha na baharia mmoja, na boti ya faiba ya kusindikiza yenye mwendeshaji na mlezi mmoja. Zamu moja inakwenda kwa mashua na nyingine inapanda faiba, kisha wanabadilishana wakati wa kurudi. Sharti ambalo halina mjadala ni kwamba faiba iwe na nafasi ya kubeba watu wote 16 mashua ikipata matatizo. Isipotosha, punguza vijana.

Chagua siku kwa mwezi, si kwa Jumamosi

Viongozi wengi hupanga safari kwa kalenda ya shule, halafu wanafika ufukweni saa nne asubuhi na kukuta bahari imerudi nyuma, mashua imelala ubavu kwenye mchanga. Hiyo si bahati mbaya. Dar es Salaam wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo baada ya wiki moja hivi mambo hugeuka: maji hujaa saa nne asubuhi na kukupwa saa kumi jioni, na hapo ndipo huwa maji mafu, siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Kwa vijana wageni chagua maji mafu, yaani siku ya 8 hadi 10 au ya 22 hadi 24 tangu mwezi kuandama. Faida ni tatu kwa mpigo: unaondoka maji yakiwa yanajaa, mikondo ni dhaifu, na hata maji yakikupwa jioni hayaendi mbali, kwa hiyo ukichelewa hukwami. Bamvua waachie wenye uzoefu, au litumie kwa masomo ya nchi kavu, maana miamba ikiwa wazi vijana huona kwa macho yale ambayo siku nyingine mashua hupita juu yake.

Thibitisha saa kwenye jedwali la maji la mwaka husika, kisha wafundishe vijana hesabu ya sehemu kumi na mbili. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa 12: saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua mfano wa bamvua: kujaa mita 3.6, kupwa mita 0.4. Tofauti ni mita 3.2, na sehemu moja ni kama sentimita 27. Saa ya kwanza maji yanapungua sentimita 27 tu, na kijana anaona bado yapo. Saa ya tatu peke yake yanaondoka sentimita 80, na saa ya nne vilevile. Mashua iliyokuwa ikielea kwenye mita moja itakaa kwenye mchanga kabla hamjamaliza kula. Kila kijana aifanye hesabu hii kwa penseli, kwa tarehe ya safari yenu, siku mbili kabla.

Kuhusu msimu, miezi mizuri ni Oktoba na Novemba, kusi (upepo wa kusini) likiwa limelegea, na Februari mpaka mwanzoni mwa Machi. Juni hadi Agosti kusi huwa kali mchana. Masika acheni kabisa: mvua ikikata mwonekano, hata kilomita tatu ni mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, safari imeahirishwa, hata kama asubuhi hiyo bahari imetulia kabisa. Msibishane nayo.

Vibali na taarifa

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na leo yako chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kila anayeshuka analipiwa kiingilio, kwa hiyo omba kontroli namba ya kikundi kizima mapema, ulipe, na uchapishe risiti. Kumlipa mtu taslimu ufukweni bila risiti ni kujitafutia ugomvi kisiwani. Kagua pia kwamba vyombo vyote viwili vina cheti cha ukaguzi cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) ambacho hakijaisha muda.

Barua ya mzazi isiwe ya "naruhusu" tu. Iandikwe kama kijana ana pumu, kifafa, selimundu au mzio, dawa anazotumia, na namba mbili za simu zinazopatikana siku hiyo. Nakala moja ibaki kwa mtu wa nchi kavu. Huyu ni mtu mzima asiyesafiri: ana orodha ya majina, rangi za vyombo, saa ya kuondoka na saa ya mwisho ya kurudi, tuseme saa kumi jioni. Ikifika saa kumi na nusu hajasikia kitu, anapiga 112 na kuwaambia BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) wa Kunduchi. Asisubiri "labda wanakuja".

Jaketi okozi

Hapa msiwe na haraka, maana majaketi mengi yanayokodishwa ufukweni yana sponji iliyochoka na yanabaki kuwa nguo tu. Jaribio ni rahisi. Chukua jiwe la mizani la chuma, lifunge kwenye jaketi, tumbukiza kwenye pipa au kwenye maji ya kiunoni. Jaketi lenye alama ya 50 (nyutoni za kuelea, si uzito wa mvaaji) lielee na jiwe la kilo 5. Lenye alama ya 100 lielee na jiwe la kilo 10. Likizama, likatwe mikanda hapohapo ili asije mtu akalivaa tena.

Kisha mvalishe kijana, funga mikanda yote, mshike jaketi mabegani na umnyanyue. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa au limelegea, na majini litamvuka kichwa. Mkanda wa kupita kati ya miguu si pambo. Kwa watoto wembamba ndio unaolishikilia. Kila jaketi liwe na filimbi iliyofungwa kwa uzi. Jaketi linavaliwa ufukweni na kuvuliwa ufukweni, walezi na nahodha wakiwa wa kwanza kulivaa, maana vijana huiga wanachokiona.

Hakuna anayepanda chombo kabla hajaogelea mita 50 bila jaketi, kukaa juu ya maji dakika 5, na kisha kuruka majini akiwa na nguo zake zote na jaketi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayofichua waoga: wapo waogeleaji wazuri wanaopaparika suruali ikilowa.

Kukagua mashua na faiba

Mashua iliyokaa juu ya mchanga wiki nzima mbao zake husinyaa na kuacha nafasi. Ishushwe majini siku moja kabla ili mbao zivimbe, kisha tazama ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, asubuhi. Unyevu na maji kidogo ni kawaida. Maji yanayofika kifundo cha mguu yanahitaji fundi wa kalafati (kuziba nafasi za mbao), na safari isubiri. Chukua upo mbili za kukumbia maji, au vidumu vya lita 5 vilivyokatwa, kila kimoja kimefungwa kamba.

Farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, iwe ya viroba vya mchanga vya kilo 25, vimefungwa midomo na kulazwa katikati, karibu na mlingoti, vikazwe visiteleze. Farumi ikihamia upande wa demani mashua inapolala, ndiyo inayoipindua. Kagua henza (kamba ya kupandishia tanga) kwa kuipitisha yote mkononi, kwa sababu hukatika pale inaposugua juu ya mlingoti, sehemu ambayo haionekani ukiwa umesimama chini. Mzibo wa kamba unaofunga tanga kwenye foromali (boriti inayobeba tanga) ukilegea sehemu tatu zilizofuatana, funga upya. Tanga la mashua halina sehemu ya kulipunguza upepo ukizidi, kwa hiyo beba matanga mawili, kubwa na dogo. Kwa vijana wageni anza na dogo. Safari itachelewa kidogo, basi.

Faiba yenye mashine ya nguvu za farasi 40 ya mipigo miwili hunywa lita 15 hadi 18 kwa saa ikikazwa. Beba lita 40: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Mchanganyiko ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Oili ikipungua pistoni inakufa. Ikizidi plagi inachafuka na mashine inagoma ukiwa katikati ya maji. Kwa hiyo plagi mbili za akiba, spana yake, pini ya propela na koleo viwe kwenye kopo lenye mfuniko. Kamba ya kuzimia mashine afungwe nayo mwendeshaji mkononi. Wengi huiacha ikining'inia. Mtu akianguka, boti inabaki inazunguka bila dereva juu ya kichwa chake.

Kwa kila chombo: nanga, kasia au kafi nne, pondo, dira, tochi, na kamba ya kurusha ya mita 20 iliyofungwa kidumu cha lita 5 chenye maji robo. Maji hayo ndiyo yanayokipa uzito wa kuruka, na robo tatu ya hewa inakielesha.

Fundo moja, lijulikane gizani

Kati ya mafundo yote, lisilokosekana ni kitanzi kisichokaza, kwa sababu ndicho unachomrushia mtu bila kumnyonga mbavu. Shika kamba, acha ncha ya urefu wa mkono. Kwenye upande wa kamba ndefu pinda kitundu kidogo, kamba inayokwenda kwenye ncha ikiwa juu. Pitisha ncha kutoka chini, itokee juu ya kitundu. Izungushe nyuma ya kamba ndefu. Irudishe iingie kitunduni kwa kushuka. Kaza kwa kuvuta kamba ndefu upande mmoja na nyuzi mbili za ncha upande mwingine. Kamba ya manila ya bluu inateleza, hivyo acha mkia wa shibiri nzima. Ukiona fundo linasogea ukilivuta, ulipitisha ncha upande usio wake. Fungua, anza upya. Mazoezi yafanywe macho yakiwa yamefungwa kwa kitambaa, na kamba iwe imelowa.

Asubuhi ya safari

Saa kumi na mbili na nusu wote wawe ufukweni. Maji ya kunywa ni lita 3 kwa kila mtu. Chakula kiwe kikavu na chepesi: chapati, mihogo ya kuchemsha, mayai, machungwa. Maharage ya jana acheni nyumbani. Chai ya moto ibebwe kwenye chupa, na chupa ya pili iwe na maji ya moto matupu. Sababu yake inakuja.

Mashine ya faiba iwashwe na iachwe ikiunguruma dakika tano kabla mashua haijatweka. Huu ndio mpangilio unaovunjwa zaidi, na una sababu. Umande, yaani upepo wa asubuhi, hutoka bara kwenda baharini. Unakupeleka Mbudya vizuri, lakini ukipatwa na hitilafu unakupeleka nje ya Mbudya pia, kwenye mkondo wa Zanzibar. Upepo wa mchana, uwe kusi au kaskazi, hukurudisha bara. Hatari ya safari hii iko asubuhi wakati kila kitu kinaonekana shwari, kwa hiyo tanga lisipande kabla msindikizaji hajawa tayari.

Ondokeni saa moja na nusu. Nahodha anatoa amri fupi na vijana wanairudia kwa sauti: "Tweka!" "Vuta demani!" "Legeza demani!" "Tua!" Anayeshika demani (hapa ni kamba ya kuvutia tanga) asiifunge kabisa, aipitishe mara moja kwenye kigingi na kushika ncha mkononi, ili upepo wa ghafla ukija aiachie mara moja. Demani iliyofungwa fundo ndiyo chanzo kikubwa cha mashua kupinduka. Vijana wengine wakae upande wa joshi, chini, mgongo kwenye ubavu. Faiba ifuate nyuma upande wa demani, umbali wa mita 50 hivi. Ikikaribia zaidi, mawimbi yake yanamsumbua anayeshika kana (mkono wa usukani).

Kugeuza tanga ni kazi ya nahodha na baharia mpaka vijana wameiona mara kadhaa. Mashua inaachwa igeuke ikitoa tezi (nyuma ya chombo) kwenye upepo, demani inalegezwa, foromali inasimamishwa wima na tanga linapitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili. Wakati huohuo kamba zinazozuia mlingoti zinahamishiwa upande mpya wa joshi. Tanga likijaa kabla kamba hizo hazijafungwa, mlingoti hauna kinachoushika. Vijana wote wawe wamekaa nyuma ya mlingoti. Omo, yaani mbele ya chombo, hakuna mtu isipokuwa baharia.

Mtu akianguka

Lifanyieni mazoezi hili kabla ya kufika kisiwani, kwa kutupa kidumu. Anayeona anapaza sauti "Mtu majini!" na kunyoosha mkono kumwelekea. Kazi yake kuanzia hapo ni hiyo tu, asishushe mkono wala asigeuze macho, kwani kichwa cha mtu hupotea kwenye mawimbi ya nusu mita. Wa pili anarusha chochote kinachoelea. Nahodha anaamuru "Tua!" na mashua inasimama. Anayemwendea ni faiba, ikitokea upande wa demani na kuelekea upepo, na mashine inazimwa kabisa kabla hajafikiwa. Apandishwe kwa ubavu au omo, asipitishwe karibu na propela.

Mashua ikipinduka, sheria ni moja: shika chombo. Anayeogelea kwenda ufukweni unaoonekana karibu ndiye anayepotea. Kila zamu inajihesabu kwa namba, kwa sauti, moja hadi sita. Namba isipoitikiwa, angalia kwanza chini ya tanga.

Kisiwani

Shukeni upande wa magharibi wenye mchanga. Mashariki kuna mwamba na mawimbi. Nanga itupwe kwenye mchanga mweupe, kamwe si kwenye matumbawe: inayaua, na mara nyingi hainyanyuki tena. Amari (kamba ya nanga) iwe mara tano ya kina cha maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo kwenye mita 3 mpe mita 15. Tazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana. Vikiachana, nanga inakokota.

Kuna samaki aina ya taa wanaojificha mchangani, hivyo vijana waingie majini wakikokota nyayo badala ya kukanyaga. Akichomwa mtu, hapo ndipo chupa ya maji ya moto inapofanya kazi: changanya mpaka joto analoweza kuvumilia bila kuungua, pima kwa mkono wako kwanza, atumbukize mguu dakika 30 hadi 90. Maumivu hupungua sana. Kisha apelekwe hospitali, hasa kama mwiba umebaki ndani. Kwa anayezidiwa na jua au kutapika: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, kwa kunywa kidogokidogo.

Kazi ya kisiwani inayolipa zaidi ni kuchora ramani ya kina. Zamu moja inapima kwa bildi (kamba yenye uzito wa kupimia kina) kutoka kwenye faiba iliyozimwa mashine, kamba ikiwa na alama kila nusu mita. Zamu nyingine iko ufukweni na dira, inasoma mwelekeo wa faiba kila bildi inapogusa chini na kuandika saa. Kisha wanapunguza kila kina kwa ile hesabu ya sehemu kumi na mbili. Namba zisipokubaliana, karibu mara zote saa hazikuandikwa. Somo la pili ni kusoma mwelekeo wa kiwanda cha saruji cha Wazo na alama nyingine ya bara iliyo mbali nayo, ili wajue walipo bila simu. Simu na spana ziwekwe mbali na dira. Kuvua, kuokota makombe na kuvunja matumbawe ni marufuku.

Kurudi

Saa nane kamili nanga ing'olewe, upepo ukiwa bado haujafika ukali wake. Zamu zibadilishane, mjihesabu kwa namba kabla na baada ya kupanda. Mashua itakimbia upepo ukiwa nyuma ubavuni, na mwendo huo mtamu ndio unaowafanya vijana wasimame. Wakae. Povu jeupe likianza kutapakaa kila upande, tua tanga, vutwa na faiba kwa kamba isiyopungua mita 15 iliyofungwa kwenye mhimili wa omo, wala si kwenye ubao wa kukalia.

Mkigusa mchanga, hesabu kwanza, kisha mpigie mtu wa nchi kavu afunge safari, ndipo majaketi yavuliwe. Daftari lijazwe hapohapo: saa, upepo, kina, mafuta yaliyobaki, kilichoharibika. Mashine izungushwe kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi dakika kumi, majaketi yasuuzwe na kuanikwa kivulini, maana jua kali hula kitambaa na sponji. Tanga la pamba lisikunjwe likiwa na unyevu. Linyooshwe mpaka likauke, mzibo ukaguliwe, kisha lifungwe kwenye foromali.